Kimbunga cha Shavu la Kushoto

Treni ilipokata kona kabla ya daraja, wembe uliteleza ukamchana chini ya mdomo. Tomoe aliuma meno, akabandika kipande cha karatasi juu ya jeraha, akashika sinki kwa mkono mmoja na kuendelea kunyoa kwa mkono wa pili. Mtu akagonga mlango wa choo.

"Bado kidogo," alijibu. Sauti iliyomtoka ilikuwa ile nzito ya zamani, ambayo alikuwa akiifanyia mazoezi kimoyomoyo tangu treni ilipoondoka Akita. Ilimtoka vizuri mno. Alitamani ingekwama.

Hakutakiwa kunyoa. Kwa siku tatu alikuwa ameziacha ndevu ziote, kwa sababu Bi Ogasawara, yule mama wa sindano kule Sendai, alihitaji kishina cha kushika. Kila Alhamisi kwa mwaka mmoja na nusu Tomoe alilala chali chini ya taa kali, na Bi Ogasawara, miwani miwili puani, aliingiza sindano nyembamba kando ya kila unywele, akaruhusu umeme kidogo, akachoma shina, akavuta. Unywele mmoja. Halafu mwingine. Mashavu yalikuwa yamekwisha na shingo ilibaki kidogo. Kilichobaki kigumu ni kidevu na juu ya mdomo. Juzi Bi Ogasawara akapiga simu: ameteleza kwenye barafu mbele ya duka la mboga, kifundo cha mkono kimevunjika, anaomba radhi sana. Basi Tomoe akabaki na ndevu za siku tatu zilizoota mafungumafungu, uso kama shamba lililopaliliwa nusu likaachwa.

Kiwandani hilo halikumsumbua. Walipakia vyakula vya mchana katika visanduku, wali huku, samaki kule, na kila asubuhi kabla ya kuingia walivaa kofia, barakoa, vazi jeupe la kufunika hadi vifundoni, kisha wakapitishiana rola ya gundi mgongoni. Unywele mmoja ukionekana ndani ya wali, laini nzima ya upakiaji ilisimama. Mahali ambapo kila mtu alifichwa, hakuna aliyeuliza nani amejificha. Kibao cha kifuani kiliandikwa "Hatakeyama" tu, jina la ukoo, na macho yake mawili yalitosha kuwa ya mwanamke. Jina Tomoe alilijua Bi Ogasawara, daktari wa vidonge vya homoni, na mpangaji mmoja wa chumba cha jirani. Nyumbani, Noshiro, alikuwa Tomoharu, mtoto wa kiume wa kinyozi, na walimwita Tomo.

Mama yake, Shizue, ndiye aliyempigia.

"Baba yako anafunga duka. Mkono umeanza kumtetemeka, hataki kusubiri amkate mtu. Ijumaa atamnyoa kila mtu wa nyumbani kwa ajili ya harusi ya Misato, halafu basi, anaweka wembe chini."

"Mimi nitanyoa huku huku, Mama. Nitafika Jumamosi moja kwa moja ukumbini."

"Wewe ndiye wa mwisho kwenye orodha yake, Tomo. Amekuweka wa mwisho makusudi."

Ndiyo maana alikuwa ndani ya treni hii. Stesheni ilipotangazwa alibaki ameketi mpaka mlango ukaanza kulia, akiwaza kwamba mwisho wa reli uko mbali na kwamba hakuna mtu huko anayemjua. Kisha akasimama akashuka, barakoa usoni, bendeji ya mpira imezungushwa mara nne kifuani chini ya shati.

Misato, dada yake mdogo, alikuwa anamsubiri ndani ya gari, hita imewashwa hadi mwisho.

"Ee, kaka! Umekonda hivyo? Huko kiwandani mnapakia tu, kula hamli?" Alimchoma mbavuni kwa kidole, Tomoe akaruka. "Na hiyo barakoa. Una mafua tena? Kila ukija una mafua. Kwani Noshiro tunafuga virusi vya kukungoja wewe?"

"Ni baridi tu."

"Kesho kutwa uitoe, nakuomba. Mkwe wangu, baba yake Shunpei, ni mzee wa kiwanda cha mbao, yule anakagua mtu kama gogo la mwerezi. Kasoro moja tu, anatia alama ya chaki." Alicheka, lakini mikono yake ilibana usukani. "Nimeshamwambia nina kaka mmoja, mtaratibu, hana neno. Usiniangushe."

Tomoe akasema hatamwangusha.

Asubuhi ya Ijumaa aliamka kabla ya wote akaingia bafuni. Jioni iliyopita alikuwa amekula wali na figili iliyokaushwa kwa moshi akiwa ameinamisha kichwa, akadai amechoka, akalala. Sasa alisimama mbele ya kioo na kuupitisha mkono usoni. Kwa macho, uso ulionekana sawa, umenyolewa, mwekundu kidogo. Kwa vidole ilikuwa habari nyingine. Shavu lilikuwa laini kama kisahani. Kidevu kilikwaruza. Mtu yeyote mwingine asingejali. Lakini baba yake alikuwa ameshika nyuso za watu tangu akiwa na miaka ishirini na mbili, na vidole vyake havikuhitaji macho.

Alitoa kibano mfukoni. Bi Ogasawara alimkataza kabisa kung'oa. Ukiung'oa, shina linabaki, linakasirika, linarudi na nguvu, na kazi ya miezi inaanza upya. Alijua. Hata hivyo aliwaza kwamba kama kidevu nacho kitakuwa laini, uso mzima utakuwa wa namna moja, na mzee atasema tu kwamba mwanawe hana ndevu nyingi, basi. Akang'oa mmoja. Akang'oa wa pili. Machozi yalimtoka yenyewe, si ya huzuni, ni ya ile pua inayowasha. Alipofika wa mia aliacha kuhesabu. Damu ikaanza kutoka kwa vitone vidogo kama ncha za pini, ngozi ikaumuka, na katikati ya kidevu, mahali ndevu zilipokuwa nene zaidi, hakuwa amefika hata nusu. Aliendelea. Mkono haukutaka kusimama. Aling'oa kama mtu anayechota maji ndani ya chombo kinachozama kwa kikombe cha chai.

"Tomo?" Ilikuwa sauti ya mama yake nje ya mlango. "Uko salama humo?"

"Najiosha."

"Saa nzima?"

Mlango wa bafu lile ulikuwa wa kuteleza, na komeo lake bovu tangu zamani. Shizue aliusukuma kidogo, akaona kioo, kibano, pamba yenye damu ndani ya beseni, akaona kidevu cha mwanawe kilivyovimba. Akaona pia, maana shati lilikuwa wazi, bendeji na namna kifua kilivyokuwa chini ya bendeji. Macho yake yalikaa pale kwa muda wa pumzi moja.

"Mama, mimi..."

"Usiniambie." Aliinua kiganja kama anayezuia gari. "Ukiniambia nitalazimika kumwambia baba yako. Miaka arobaini sijamficha kitu yule. Kwa hiyo usiniambie. Funga shati."

Akausogeza mlango ukarudi mahali pake, taratibu, bila kelele.

Duka lilikuwa chini, nyumba ilikuwa juu. Viti viwili vya ngozi nyeusi vilitazama vioo viwili, na nyuma yake dirisha pana liliangalia barabara yote. Upande wa kulia ulikuwa wa baba, Tokuji, ambaye alinyoa wanaume. Upande wa kushoto ulikuwa wa mama, ambaye alinyoa wanawake nyuso na shingo kabla ya harusi na sherehe, kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na wembe wake mwembamba. Ndivyo walivyogawana kazi tangu walipooana, na hakuna aliyewahi kuvuka upande.

Misato alikuwa amekwisha kuketi, nguo imeshushwa hadi chini ya mabega, kichwa ameinamisha. Shizue alimpaka povu kwenye kisogo na kuanza kushuka. Malaika ya shingoni, yale manyoya membamba ambayo huyaoni mpaka mwanga uyapige, yalitoka pamoja na povu na kubaki kwenye ukingo wa wembe kama ukungu.

"Natoka manyoya kama kuku," Misato alisema. "Shunpei akiona hii atarudisha posa."

"Nyamaza, usije ukacheka nikakukata."

"Kaka, usitazame. Siri za wanawake hizi."

Tomoe alikuwa ameshika trei ya taulo. Alitazama pembeni, lakini kioo kilimrudishia kila kitu: shingo nyeupe ikifunguka kidogo kidogo, mkono wa mama ukiishika kama yai. Alihisi kitu kikali kuliko wivu, akaiweka trei chini.

Shizue alipomaliza alimfunika binti yake taulo na kumpandisha juu akajaribu vazi. Hakumwangalia Tomoe alipopita.

Wakabaki wawili, baba na mwana.

"Kaa," Tokuji alisema.

"Baba, nimeshanyoa. Jana, kwenye treni."

"Naona. Umenyoa kama mtu anayekimbizwa." Mzee aligonga ngozi ya kiti mara mbili kwa kiganja. Koti lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo yake ikasimama. "Kaa, Tomo. Nimewanyoa baba zako wadogo wote tangu asubuhi, mkono haujatetemeka hata mara moja. Unajiandaa kwa ajili yako."

Aliketi. Kiti kikalazwa, dari ikaja. Taulo la moto likamfunika uso, na chini yake kulikuwa na giza, joto na harufu ya mvuke, na kwa dakika hizo mbili Tomoe hakuwa mtu wa aina yoyote. Alisikia brashi ikizunguka bakulini. Akaomba kwa kila alichokijua kwamba mzee apake povu upesi, aanze na wembe, asiguse.

Taulo likaondolewa. Mzee akagusa.

Ilikuwa desturi yake. Kabla ya povu alipitisha mgongo wa vidole usoni kusoma ndevu zinalala upande gani. Vidole vilipita chini ya sikio, vikapanda shavu la kushoto, vikasimama. Vikarudi. Vikapita tena, polepole zaidi, kama mtu anayepapasa meza akitafuta miwani yake.

"Kiko wapi?" Tokuji aliuliza.

"Nini, Baba?"

"Kimbunga chako. Hapa shavuni, ndevu zako zilikuwa zinazunguka kama maji yanayoingia shimoni. Nilikunyoa mara ya kwanza una miaka kumi na sita, nikakuambia utasumbua vinyozi maisha yako yote. Kilikuwa hapa."

"Kimeondoka."

"Ndevu haziondoki. Miaka arobaini na nane, sijaona ndevu zikiondoka zenyewe."

"Ni ngozi," Tomoe alisema. Uongo alikuwa nao tayari, aliutunga tangu Sendai. "Nina ugonjwa wa ngozi. Daktari anasema..."

"Ugonjwa unaacha alama." Kidole gumba kilipita tena shavuni, kikashuka taya, kikarudi. Kisha mzee akasema, kwa sauti ambayo Tomoe aliwahi kuisikia akisifu wembe wa watu wengine: "Hii ni kazi ya mtu. Na ni kazi safi. Nani huyu?"

Tomoe alifumba macho.

"Ni mama mmoja kule Sendai. Anachoma shina kwa sindano. Moja moja."

"Moja moja?"

"Mwaka mmoja na nusu sasa."

Brashi ilidondosha povu sakafuni. Kidole cha mzee kilifika kidevuni, kwenye uvimbe na vitone vya damu, kikajiondoa haraka. "Na hiki?"

"Hiki ni mimi. Leo asubuhi."

"Kwa nini?"

"Ili usijue."

Ili mikono iwe na la kufanya, Tokuji alichukua karatasi laini ya kuzungushia kola na kuanza kuichomeka shingoni mwa Tomoe, kama alivyowafanyia watu wote maisha yake yote. Vidole vikagusa ukingo wa bendeji. "Umeumia mbavu?" aliuliza, na kabla hajajibiwa, vidole vilikwisha kuelewa. Tomoe alifumbua macho akamwona juu yake. Uso wa mzee haukukasirika. Ulikuwa umeachwa tu, kama nyumba ambayo watu wametoka mbio.

"Misato anajua?"

"Hapana."

"Mama yako?"

"Hataki kujua."

Nje gari la kusukuma theluji lilipita likiunguruma, vioo vikatetemeka.

"Kesho utavaa suti," mzee alisema.

"Nimekuja nayo."

"Utakaa na baba zako wadogo. Utakunywa wanachokunywa. Yule mzee wa mbao akikuuliza unaoa lini, utacheka."

"Ndiyo, Baba."

"Mdogo wako asiharibikiwe."

"Ndiyo, Baba."

"Na mwakani? Msiba ukitokea? Mimi nikifa, nani atasimama mbele ya watu aseme ni mtoto wangu? Atasimama kama nani?"

Hapo Tomoe alivunjika. Hakujua kwamba angevunjika. Alidhani machozi yote yamekwisha bafuni. Alishika mkono wa koti jeupe kwa vidole vyote.

"Baba, ninyoe tu. Nakuomba. Ninyoe kama siku zote halafu niende. Sitarudi kama hutaki nirudi. Lakini leo ninyoe. Usiniache hapa hivi."

Tokuji alichukua wembe. Akaufungua. Alikuwa amesema kweli, mkono haukuwa umetetemeka asubuhi yote, na hata sasa ulipoanza kushuka kuelekea shavuni ulikuwa imara kama wa kijana. Ukafika inchi moja kutoka kwenye ngozi. Ukakaa hapo. Kisha mzee akaukunja wembe, akaufuta ingawa haukuwa na kitu, akauweka juu ya kitambaa.

"Siwezi."

"Mkono?"

"Si mkono." Alianza kufungua vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, kuanzia juu. "Mimi sinyoi wanawake. Sijawahi hata siku moja. Hiyo ni kazi ya mama yako."

Alitundika koti kwenye msumari na kutoka, na kengele ya mlango ikalia nyuma yake.

Tomoe alibaki amelala, macho darini. Aliyarudia maneno yale, akayageuza huku na huku. Alikuwa amefukuzwa, au alikuwa ameitwa mwanamke kwa mara ya kwanza na mtu aliyemzaa? Hakujua. Sauti ya mzee haikumpa hata kidokezo. Povu lililodondoka sakafuni lilikuwa linapasuka taratibu, likitoa sauti ndogo.

Shizue aliteremka ngazi.

"Baba yako yuko wapi?"

"Nje."

"Bila koti? Amesemaje?"

Safari hii hakuinua kiganja. Tomoe akamwambia.

"Amesema hanyoi wanawake."

Mama alishika reli ya ngazi. Juu, Misato alikuwa anaimba vibaya, akifungua na kufunga masanduku. Shizue alisikiliza kama mtu anayepima muda alio nao. Halafu alivuka, akapita kiti cha kushoto, akasimama nyuma ya kile cha kulia ambacho hajawahi kusimama nyuma yake tangu aolewe. Alikuwa na wembe wake mwembamba. Aliinua mgongo wa kiti, akainamisha kichwa cha Tomoe mbele kwa vidole viwili.

"Kidevu sikigusi, kimevimba," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Kinataka barafu. Nitafanya huku nyuma tu. Shusha kola."

Tomoe alishusha kola. Povu lilikuwa vuguvugu.

"Mama."

"Sijui niseme nini, kwa hiyo usiniulize. Na usitikisike, nitakukata."

"Sitikisiki."

"Unatikisika."

Alingoja, mkono begani mwa mwanawe, mpaka mabega yale yalipotulia kidogo. Kisha wembe ukaanza kushuka.

Tomoe aliinua macho kwenye kioo. Nyuma yake, ng'ambo ya dirisha, baba yake hakuwa amekwenda popote. Alikuwa amesimama kwenye baraza, mgongo ameupa duka, amejibandika kwenye dirisha, akiziba mahali hasa ambapo mpita njia angeona viti. Mwanamke mmoja mwenye mwavuli alisimama, akamwinamia kumsalimu, akachungulia pembeni yake. Mzee akasogea hatua moja upande uleule. Walizungumza. Mwanamke akaelekeza kidole kwenye shati jembamba la mzee, akatikisa kichwa, akaondoka.

Tokuji hakugeuka. Theluji ilianza kukaa mabegani mwake, naye hakuipangusa.